Je, Ayubu Alikuwa Mwanafizikia? Uhakiki wa Usomaji Unaotafuta Uvutano na Kiini cha Dunia katika Ushairi wa Kiebrania

Utangulizi

Muhula uliopita, katika semina moja ya fasihi, mwenzetu mmoja aliwasilisha karatasi juu ya kitabu cha Ayubu. Alianza vizuri. Alieleza mgogoro, wahusika na muundo wa majibizano. Lakini alipofika sura ya 26 aliweka daftari lake mezani, akatutazama, akasema kwamba mshairi wa Kiebrania alijua habari za nguvu ya uvutano karne nyingi kabla ya Newton kuzaliwa. Ushahidi wake ulikuwa mstari wa 7, unaoieleza nchi kuwa inaning'inia bila kushikiliwa na chochote. Akaongeza sura ya 28, mstari wa 5, ambao kwa maoni yake unazungumzia moto ulio katika kiini cha dunia. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Usiku wake nilikaa nikijiuliza: hivi tulimpigia makofi mshairi, au tulimpigia Newton?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Sikusudii kuijadili imani ya mtu yeyote. Nani anaamini nini, hiyo ni kazi ya moyo wake. Ninachohakiki hapa ni namna ya kusoma. Namna hii ya kusoma tuiite mkabala wa ulinganifu, yaani ule unaochukua ugunduzi wa sayansi ya leo, ukarudi nao katika matini ya kale, ukautafutia mstari wa kufanana nao. Nitadai mambo matatu. Kwanza, mkabala huu haumsomi mshairi, unamnyang'anya kauli. Pili, hauisomi vizuri hata hiyo sayansi yenyewe. Tatu, una historia ndefu, na historia hiyo ni ya kuanguka kila mara. Mwishoni nitasema ni uhusiano gani wa kweli naouona kati ya ulimwengu wa Waebrania na fizikia, maana sisemi kwamba haupo kabisa.

Nyumba ya Waebrania

Kabla hatujamhukumu mtu kwa alichosema, ni haki tujue alikuwa amesimama wapi. Mshairi wa Kiebrania hakusimama juu ya sayari. Alisimama juu ya erets, yaani nchi: udongo mkavu unaolimwa, unaokanyagwa na unaozikiwa watu. Juu yake palikuwa na rakia. Neno hili linatokana na kitenzi cha kufua madini mpaka yawe bamba, kama dhahabu inavyofuliwa katika kitabu cha Kutoka, sura ya 39. Ndiyo maana katika Ayubu sura ya 37 mbingu zinafananishwa na kioo cha madini ya kuyeyushwa, kitu kigumu. Waliotafsiri kwa Kiyunani waliliona hilo, wakatumia neno lenye maana ya kitu imara, na wa Kilatini nao wakafuata. Juu ya bamba hilo yalikuwepo maji. Chini ya nchi palikuwa na maji mengine, tehom, kilindi kikuu. Na chini kabisa palikuwa na sheol, makao ya wafu, ambayo wafasiri wetu wameyaita kuzimu.

Kwa nini maji juu na maji chini? Tusiwacheke wazee wale. Mvua inatoka juu. Chemchemi zinatoka chini. Ukichimba kisima unakutana na maji. Ukitazama juu unaona rangi ile ile ya bahari. Na nchi inatikisika: kitabu cha Amosi kinaanza kwa kulitaja tetemeko la ardhi la siku za Uzia, na sisi leo tunajua kwamba bonde la Yordani limelala juu ya ufa mkubwa wa miamba. Mtu aliyeona ukuta wa nyumba yake ukicheza, akisema kwamba nguzo za nchi zimetikisika, hasemi upuuzi. Anasema alichokiona kwa lugha ya mjenzi, maana nyumba ndiyo kitu kikubwa alichojua kukijenga.

Vilevile Waebrania hawakuwa peke yao. Jirani zao wa Babeli walikuwa na masimulizi ya mbao saba yaitwayo Enuma Elish, ambamo Marduk anampasua Tiamat, mama wa maji ya chumvi, na nusu ya mwili wake anaifanya mbingu. Wataalamu wa lugha wanakubaliana kwamba majina Tiamat na tehom yana asili moja. Tofauti ni kwamba katika Mwanzo maji hayapigani. Yanatenganishwa kwa neno tu. Hapo ndipo penye dhamira ya matini: si kwamba maji yako wapi, bali ni nani anayeyaamuru.

Sasa tazama gharika katika Mwanzo, sura ya 7. Chemchemi za kilindi zinapasuka kutoka chini na madirisha ya mbingu yanafunguka kutoka juu. Nyumba inavujia juu na chini kwa wakati mmoja. Huu si utabiri wa hali ya hewa. Ni kubomolewa kwa nyumba iliyojengwa katika sura ya kwanza. Msomaji asiyeijua nyumba hawezi kuona kwamba imebomolewa.

Mstari wa 7 na majirani zake

Turudi kwa Ayubu. Kosa la kwanza la mwenzetu wa semina, na la vijitabu alivyovisoma, ni kuuchukua mstari mmoja na kuwaacha majirani zake. Sisi wanafunzi wa ushairi tumefundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba mstari hausemi peke yake. Haya basi, tuwasikilize majirani.

Mstari wa 5 unataja mizimu inayotetemeka chini ya maji. Mstari wa 6 unataja sheol iliyo uchi mbele za Mungu. Mstari wa 10 unataja duara lililochorwa juu ya uso wa maji, mpaka wa nuru na giza. Mstari wa 11 unataja nguzo za mbingu zinazotikisika. Mstari wa 12 unataja bahari na Rahabu, yule dude wa majini aliyepigwa. Jamani, mistari minne tu baada ya nchi inayoning'inia tunakutana na nguzo! Na katika sura ya 9 zipo nguzo za nchi yenyewe. Na katika sura ya 38 Mungu mwenyewe anaulizia misingi na jiwe la pembeni. Ukitoka nje ya kitabu hiki, Zaburi ya 24 inaiweka nchi juu ya bahari, na wimbo wa Hana katika Samweli wa kwanza unaiweka juu ya nguzo. Kama mstari wa 7 ni fizikia, mistari hii mingine ni nini? Mtu wa ulinganifu hujibu kwamba hiyo mingine ni lugha ya picha. Sawa. Lakini nani alimpa kipimo cha kuamua kwamba huu ni picha na huu ni sayansi? Kipimo chake ni kimoja tu: unaofanana na kitabu cha fizikia ni sayansi, usiofanana ni picha. Hapo matini haina kauli tena. Imekuwa mtumishi.

Pili, tuangalie fani. Ushairi wa Kiebrania umejengwa juu ya usambamba: nusu ya pili ya mstari huirudia nusu ya kwanza kwa maneno mengine, au huiongezea nguvu. Katika nusu ya kwanza ya mstari wetu, kaskazini inatandazwa juu ya tohu. Neno hili ndilo lililotumika katika Mwanzo 1:2 kwa ile hali ya nchi kabla ya kupangwa, ambayo Biblia ya Muungano iliitafsiri ukiwa. Katika nusu ya pili nchi inatundikwa juu ya belima, neno linaloonekana mara moja tu katika Biblia nzima ya Kiebrania, lenye maana ya bila chochote. Kwa kanuni ya usambamba, belima ni mwenzake tohu. Mshairi hazungumzii anga la juu lisilo na hewa ambamo sayari zinazunguka. Anazungumzia ule ukiwa wa mwanzo, ambao Mungu anatandaza juu yake kama mtu anavyotandaza hema. Halafu hiyo kaskazini, yaani safoni, ni pia jina la mlima wa Baali katika maandiko ya Ugariti, mji uliofukuliwa kuanzia mwaka 1929 huko Ras Shamra, Siria. Wapo wanaoona kwamba mshairi anaugusa mlima huo wa miungu ya jirani na kumweka Mungu wake juu yake. Yote haya yanapotea tukikimbilia kwa Newton.

Tatu, kitenzi. Kutundika katika Kiebrania ni talah. Ni kitenzi cha nyumbani. Katika Isaya sura ya 22 vyombo vinatundikwa kwenye kigingi. Katika Zaburi ya 137 vinubi vinatundikwa kwenye miti. Kila msikilizaji wa Ayubu alijua kwamba chenye kutundikwa lazima kiwe na kigingi. Mshairi anachukua kitendo cha kila siku, anakinyima kigingi, na msikilizaji anashikwa na mshangao. Mshangao ndio shabaha. Ukimwambia msikilizaji kwamba kigingi kipo, kinaitwa uvutano, umemharibia mshairi kazi yake yote kwa neno moja.

Nne, nani anasema? Hili ni swali la kawaida kabisa katika uhakiki wa tamthilia, na Ayubu ni kitabu cha majibizano. Sura ya 26 imewekwa kinywani mwa Ayubu, akimjibu Bildadi. Lakini hotuba ya Bildadi katika sura ya 25 ina mistari sita tu, na wataalamu wengi wanadhani kwamba sehemu ya pili ya sura ya 26 ilikuwa yake. Ikiwa ni hivyo, maneno tunayoyatangaza kuwa ufunuo wa kisayansi yametoka kwa mhusika ambaye mwisho wa kitabu Mungu anamkemea pamoja na wenzake kwa kutosema yaliyo sawa! Hata tukiyaacha kinywani mwa Ayubu, bado sura ya 38 inamuuliza yeye huyo alikuwa wapi nchi ilipowekewa misingi. Kitabu kizima kinaelekea kwenye swali hilo. Kumfanya Ayubu kuwa mtu aliyejua siri za nchi ni kumpa jibu mahali ambapo kitabu kinamtaka anyamaze.

Neno moja, tafsiri mbili

Hapa napenda kugusa jambo linalotuhusu sisi wa Kiswahili. Kazi ya kuitafsiri Mwanzo kwa Kiswahili ilianzwa na Krapf huko Mombasa mwaka 1844, na Biblia ya Muungano, ambayo wengi wetu tumekua nayo, ilitoka mwaka 1952. Wafasiri wa Muungano walipofika kwenye erets katika mstari wa kwanza wa Mwanzo waliandika nchi. Ni neno zuri sana, maana nchi hailingani na sayari. Ina mipaka, ina udongo, ina wenyewe. Lakini walipolikuta neno lile lile katika Ayubu 26:7 waliandika ulimwengu. Siwalaumu. Ushairi una mizani yake na mfasiri ana masikio yake. Ila matokeo ni kwamba msomaji wa Kiswahili anaposoma ulimwengu haoni tena shamba wala udongo. Anaiona ile picha ya duara la buluu iliyopigwa kutoka chomboni, ambayo imetundikwa katika kila darasa la jiografia. Nusu ya hoja ya mwenzetu wa semina ilitoka kwenye neno hilo moja. Laiti angesoma nchi, makofi yetu yangepungua.

Vivyo hivyo anga. Kwetu anga ni uwazi, ndege hupita. Rakia ni bamba, ndege hupita chini yake. Tafsiri imeulainisha mfano, na sisi tunadhani mfano ulikuwa laini tangu mwanzo.

Moto wa sura ya 28

Je, moto ulio chini ya nchi? Hapa kosa ni lile lile, na jawabu ni fupi zaidi. Sura ya 28 inaanza na machimbo ya fedha, dhahabu, chuma na shaba. Inaeleza watu wanaoshuka kwa kamba mahali pasipofikiwa na mguu, wanaoweka taa gizani, wanaopindua milima kwenye mizizi yake. Katikati ya maelezo hayo unakuja mstari wa 5: juu ya nchi panatoka chakula, na chini yake panapinduliwa kama kwa moto. Mpinduaji ni nani? Ni mchimbaji. Shaba ilichimbwa Timna, kusini mwa Bahari ya Chumvi, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, na wachimbaji wa kale walijua kuupasua mwamba kwa kuupasha moto. Uzuri wa mstari uko katika mgongano: juu mkulima amevuna kwa utulivu, chini yake mwanadamu mwingine anavuruga kila kitu akitafuta mali. Halafu sura inauliza: hekima je, inachimbwa wapi? Ndiyo dhamira. Ukiweka kiini cha dunia hapo, mchimbaji anatoweka, na swali la hekima linabaki bila miguu.

Tena kwa wale wanaopenda usahihi wa kisayansi, kiini cha dunia hakiwaki moto. Ni madini, hasa chuma na nikeli, yenye joto linalokadiriwa kuwa zaidi ya nyuzi 5,000 za Selsiasi. Kitu cha moto na kitu kinachowaka ni vitu viwili.

Waliotangulia kuanguka

Mwenzetu alidhani hoja yake ni mpya. Siyo. Mwaka 1681 Mwingereza Thomas Burnet alitoa kitabu chake cha Kilatini kuhusu nadharia takatifu ya dunia. Alipiga hesabu akaona kwamba maji ya gharika yangehitaji bahari kama nane, na bahari hizo hazionekani popote. Basi akaziweka ndani. Akasema dunia ya kwanza ilikuwa laini kama yai, ganda juu na kilindi cha maji chini yake, na ganda lilipopasuka maji yalipanda na milima ikabaki kama vifusi. Mwaka 1692 Edmond Halley, yule wa kimondo, alitumia hesabu ya Newton kuhusu uzito wa Mwezi, ambayo baadaye ilionekana kuwa na makosa, akasema ndani ya dunia mna uwazi na magamba yanayozunguka. Mwaka 1696 William Whiston, ambaye baadaye alirithi kiti cha Newton huko Cambridge, alisema kimondo kilipita karibu, uvutano wake ukakivuta kilindi cha ndani mpaka ganda likapasuka. Mnaona? Kilindi cha Kiebrania, uvutano na undani wa dunia vilikwisha kuunganishwa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na watu wenye akili kutuzidi.

Nini kiliwaangusha? Mizani. Mwaka 1798 Henry Cavendish, kwa kutumia mipira ya risasi na waya mwembamba, alipima mvutano kati ya vitu viwili chumbani, na kutokana na hapo akapata kwamba dunia kwa wastani ni nzito mara 5 na nusu hivi kuliko maji ya ujazo huo huo. Miamba ya kawaida tunayoikanyaga haifiki hata mara 3. Kwa hiyo ndani hakuna uwazi wala bahari. Ndani mna kitu kizito kuliko miamba. Baadaye mawimbi ya matetemeko yakaeleza zaidi: Oldham aliona dalili za kiini mwaka 1906, Gutenberg akakadiria kwamba kinaanzia kina cha kilometa 2,900 hivi, na Inge Lehmann, mama wa Kidenmaki, akaonyesha mwaka 1936 kwamba ndani ya kiini cha majimaji mna kiini kingine kigumu.

Huu ndio uhusiano halisi kati ya uvutano na undani wa dunia. Ulipatikana kwa kupima, na hakuna mstari wa Ayubu uliohitajika. Newton mwenyewe aliisoma Biblia kuliko wengi wetu, na maandishi yake juu ya kitabu cha Danieli na Ufunuo yalichapishwa mwaka 1733 baada ya kufa kwake. Lakini kanuni yake ya mwaka 1687 hakuitoa humo. Aliitoa katika hesabu za sayari na Mwezi. Mwezi uko umbali wa nusu-vipenyo 60 vya dunia kutoka katikati yake. 60 mara 60 ni 3,600. Na kweli Mwezi unaiangukia dunia kwa kasi-mchapuko iliyo pungufu mara 3,600 kuliko ya jiwe linaloanguka mkononi mwako. Hiyo ndiyo hoja. Nayo hairuhusu kusema kwamba dunia haishikiliwi na kitu. Inasema inashikiliwa na Jua, na bila Jua ingekwenda zake moja kwa moja. Kwa hiyo anayesema kwamba kuning'inia pasipo kitu ni uvutano amekosea pande mbili: amemkosea Ayubu na amemkosea Newton.

Wala mchezo haujaisha. Mwaka 2014 wanasayansi walitangaza almasi kutoka Brazili yenye chembe ya madini ya ringwudaiti, na ndani ya chembe hiyo maji kama asilimia moja na nusu ya uzito wake. Madini hayo hupatikana kwa asili katika kina cha zaidi ya kilometa 500. Papo hapo wapo walioshangilia kwamba chemchemi za kilindi zimeonekana. Lakini maji hayo hayatiririki. Yamefungwa ndani ya fuwele za mwamba. Huwezi kuyateka kwa ndoo, wala kuyaelezea meli.

Na tukumbuke upande wa pili wa shilingi. Mwaka 1616 nadharia ya Copernicus ilipigwa marufuku Roma, na miongoni mwa mistari iliyotumika dhidi yake ni ile ya Zaburi inayosema kwamba nchi imewekwa imara isitikisike. Mistari ile ile iliyothibitisha jana kwamba dunia haiendi, leo inathibitisha kwamba inaelea na kuzunguka. Mkabala unaoweza kuthibitisha kila kitu haujathibitisha chochote. Augustino aliliona hilo mapema katika karne ya tano, alipowaonya Wakristo wenzake wasizungumzie mambo ya nyota na dunia kwa jina la maandiko mbele ya watu wanaoyajua, wakaishia kuchekwa. Na kasoro hii si ya dini moja. Tangu Maurice Bucaille alipotoa kitabu chake mwaka 1976 akilinganisha Biblia, Kurani na sayansi, mbinu hii imeingia katika mihadhara mingi, kila upande ukihesabu mistari yake kama mabao.

Uhusiano wa kweli uko wapi?

Nilisema sitakana kila kitu. Mimi naona uhusiano wa aina mbili.

Wa kwanza ni wa swali. Mwebrania aliuliza kwa nini nchi haizami na kwa nini bahari haivuki mpaka wake. Katika Ayubu 38 bahari ina milango na makomeo, na katika Yeremia sura ya 5 mchanga ndio mpaka wake. Newton naye aliuliza maswali ya namna hiyo. Maswali ni ndugu. Majibu si ndugu. Mmoja anajibu kwa kumtaja anayeshika, mwingine kwa kutaja kiasi cha mvuto. Na wote wawili walizungumzia mahali ambapo hakuna aliyefika. Hata sisi hatujafika: shimo refu kuliko yote, la Kola huko Urusi, liliishia mita 12,262 mwaka 1989, na katikati ya dunia ni kilometa 6,371. Mwebrania aliusoma undani kwa chemchemi, makaburi na matetemeko. Mwanasayansi anausoma kwa mizani na mawimbi. Mmoja alikuta wafu, mwingine chuma.

Wa pili ni wa lugha. Kwa Kiebrania utukufu ni kavod, na mzizi wake ni ule ule wa neno zito. Mwenye utukufu ni mwenye uzito. Mswahili anaelewa mara moja, maana na sisi tuna mtu mzito, kauli nzito na jambo zito. Kwa hiyo Mwebrania alikuwa na fikra kamili ya uzito, lakini uzito wake ulikuwa wa heshima, na kushuka kwake kulikuwa kwa aibu na mauti. Kora na watu wake wanashuka sheol wakiwa hai. Yona anashuka mpaka kwenye mizizi ya milima, na makomeo ya nchi yanafungwa nyuma yake. Je, Yona alikuwa anaeleza muundo wa tabaka za dunia? Hata kidogo. Alikuwa anaeleza mtu aliyefika mahali ambapo hakuna pa kushuka tena.

Hitimisho

Naomba nimalizie na jambo ambalo si la nadharia. Tulipomzika bibi yangu mwaka juzi, mwinjilisti wa mtaa wetu alisoma Ayubu. Alisoma taratibu, kwa sauti ya mtu aliyezika wengi. Alipofika kwenye wafu wanaotetemeka chini ya maji na nchi iliyotundikwa, hakuna aliyefikiria Newton. Sisi tuliosimama ukingoni mwa kaburi tulikuwa tunatazama nchi, udongo mwekundu uliofunguliwa, na kila mmoja alielewa maana ya kuwa juu ya kitu kisichoshikwa na chochote. Shairi lilifanya kazi yake siku ile bila msaada wa mtu.

Ndiyo sababu sikuweza kuyasahau makofi yetu ya semina. Tulilitaka shairi lipewe cheti na Kitivo cha Sayansi, kana kwamba bila cheti halina thamani. Na wenzetu wa Kitivo hicho tuliwaambia, bila kukusudia, kwamba Cavendish alipoteza muda wake na mipira ya risasi, maana jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Tuliwadharau wote wawili kwa pigo moja.

Mwenzetu wa semina ni msomaji hodari, na naamini ataandika kunijibu. Akijibu, namwomba aanze na mstari wa 11. Atueleze zile nguzo amezipeleka wapi.